Kompyuta Iliyoelemewa Msimu wa Maharage

6 Oktoba

Johnson, ungezaliwa ndani ya nyumba hii ningekuwa nimeshakuchapa. Mwanaume mzima, una duka la ufundi Bukoba mjini, una kibao cha rangi mbili mlangoni, unachukua kompyuta ya watu inatembea, unairudisha inasota. Halafu unamwambia mkamwana wangu kwenye simu, "Itazoea." Itazoea nini? Ni ng'ombe mgeni?

Mimi ni Kokushubila, Mama Kamala wa Ijumbi. Nilisoma mpaka darasa la nne nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kuandika najua. Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo wanaambiana, "Mama ameanza." Daftari halinijibu hivyo.

Mambo ni haya. Kompyuta ni yangu. Kamala, mwanangu wa kwanza aliyeko Dar es Salaam, aliinunua akasema, "Mama, hii ni ya nyumba yako." Anayeifanyia kazi ni Agnetha, mke wa Rwekaza, mwanangu wa mwisho. Rwekaza mwenyewe hashindi nyumbani, anazunguka visiwani kununua dagaa. Agnetha anakaa chumba cha mbele kinachotazama barabara. Anachapa barua za watu, anapiga picha za pasipoti, anatoa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mwezi uliopita Kamala akapiga simu kwamba mfumo wa zamani umeachwa, hautalindwa tena, uwekwe mpya. Ikapelekwa kwa Johnson. Imerudi na sura nzuri, picha ya milima na maji, lakini ukiiwasha unaweza kumenya ndizi za mchana zote kabla haijafunguka.

8 Oktoba

Mvua. Tumepanda maharage kibanjani, kati ya migomba, upande wa chini. Mgongo.

11 Oktoba

Agnetha alikwenda kupanda sehemu iliyobaki. Mimi nikakaa ofisini kulinda. Alinifundisha zamani jinsi ya kufungua nyimbo za kwaya, kwa hiyo nilikuwa nasikiliza, miwani usoni, mlango wazi. Paskazia jirani akapita na jembe lake, akasimama.

"Mama Kamala! Leo wewe ndiye karani?"

"Karani yuko shambani. Mimi ni mwenye ofisi."

"Haya mwenye ofisi, basi nichapie barua ya kumfukuza mume wangu."

"Yule hahitaji barua. Mnyime chakula."

Tulicheka. Alipoondoka kikatokea kijisanduku pembeni ya kioo, maneno ya Kizungu, chini yake vitufe viwili, cha bluu na cha kijivu. Agnetha aliwahi kuniambia cha bluu ni kukubali, cha kijivu ni kukataa. Nikabonyeza cha bluu. Kikashukuru kwa alama ya vema, kikaondoka. Baadaye kikaja kingine. Nikakubali. Nyumba hii tangu enzi za mama mkwe wangu haijawahi kumkatalia mtu mlangoni. Hata aliyekuja kuomba moto alitafuna kahawa ya kamwani kwanza, akakaa, akasema habari za kwao. Sasa mimi nitamkatalia nani? Nimekubali vyote vilivyobisha. Vilikuwa vingi, na vyenye adabu.

14 Oktoba

Kompyuta nzito. Mwalimu mmoja kijana alikuja kuchapa mtihani, akangoja, akakunja karatasi zake akaondoka kwenda Muleba mjini. Nimeona aibu. Mtu kutoka kwenye mlango wangu mikono mitupu!

Agnetha amempigia Johnson. Nikasikia anasema kumbukumbu imejaa. Nikamwuliza, "Kumbukumbu ya nani?" Akanieleza vizuri, hilo nisimnyime. Alisema mama, fikiria meza. Mashine ikitaka kufanya kazi inaweka kazi mezani. Meza hii ni ndogo tangu iliponunuliwa, na mfumo mpya wenyewe una mwili mkubwa. Kukiwa na vitu vingine vimekaa mezani bila kazi, barua ya mteja haina pa kuwekwa.

Kisha akaniuliza, anaangalia chini, "Mama, hakuna kitu kilikuuliza kwenye kioo, siku ile?"

"Mimi niulizwe na nani? Unadhani naichezea?"

"Hapana mama. Nimeuliza tu."

Hakuuliza tena. Naye asiulize. Mtoto wa juzi.

19 Oktoba

Jumapili. Mchungaji amehubiri muda mrefu. Mvua ikatufungia kanisani.

23 Oktoba

Kuna jambo silipendi. Saa ya kupika, ndizi, ebitoke, ziko motoni, Agnetha anampa mtoto wake mwiko achezee, anaingia ofisini. Nikiingia na mimi, anafunga alichokuwa anafanya. Leo nimemwuliza unafanya nini. "Naipunguzia mzigo mama, asubuhi iamke vizuri." Ni kweli asubuhi inaamka vizuri. Ikifika mchana imeshachoka.

Mwanamke kijana, mume yuko visiwani, anajifungia na kioo. Sitaki kuandika ninachofikiri. Nitaandika kwamba ni sinema. Ndiyo, anajaza sinema.

28 Oktoba

Maharage yametoa majani mazuri. Nimelinda ofisi, nimesikiliza kwaya. Vijisanduku vilikuja tena, vilevile vya juzi. Nikavishangaa, mbona mlishakaribishwa? Nikavikaribisha tena.

2 Novemba

Senene wameanguka! Ijumbi nzima iko kwenye majani na ndoo, inakamata panzi hao wa kula. Hakuna aliyefanya kazi nyingine.

7 Novemba

Mwalimu Elieza amefariki Kagoma, kwa binti yake. Alinifundisha mimi darasa la tatu na la nne, akawafundisha watoto wangu. Mzee wa kanisa, mtu mnyoofu. Familia imeleta picha zake na wasifu wake kwa Agnetha, achape vitabu vya ratiba. Nimemwambia: hii ndiyo kazi ya nyumba yetu. Watu watatoka Bukoba, watatoka Mwanza. Jina letu litakuwa nyuma ya kitabu.

10 Novemba

Nilishindwa kuandika jana na juzi.

Siku ya kuzika, Agnetha aliamka na jogoo. Mimi siku iliyotangulia nilikuwa nimekaa ofisini mchana kutwa nikisikiliza nyimbo za maombolezo, kwa sababu ya Mwalimu. Agnetha alikuwa msibani anamenya ndizi na wenzake, akarudi giza limeingia, amechoka, mtoto ana homa, akalala bila kugusa kompyuta. Asubuhi akaifungua. Akaweka picha ya kwanza ya marehemu, ikakubali. Akaweka ya pili, kioo kikawa cheupe. Kishale kikawa kinazunguka, kinazunguka. Akaizima, akaiwasha. Ikaamka polepole. Akajaribu tena. Ikaganda.

Magdalena, binti wa marehemu, akafika na gari kuchukua vitabu. Amevaa nyeusi, macho mekundu. Akasimama mlangoni pangu.

"Mama Kamala, tayari?"

Nilitamani ardhi inifunike. Nikamgeukia Agnetha. Alikuwa anaizima tena mashine.

"Dada Magdalena, naomba muda kidogo," akasema.

"Jeneza limeshatoka ndani," Magdalena akajibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningependa angekuwa na hasira.

Tukaenda bila vitabu. Wasifu ukasomwa kutoka kwenye karatasi ya mkono iliyokuwa imefutwafutwa. Mchungaji akajikwaa kwenye majina ya watoto. Jina la kitinda mimba akaliruka kabisa. Kitinda mimba mwenyewe, mwanamume mwenye mvi, akainamisha kichwa kaburini kwa baba yake kama mtu asiye na baba. Watu wakaanza kunong'ona, vitabu viko wapi, si vilikuwa vinachapwa kwa Kokushubila?

Hapo nilisimama. Hakuna aliyenituma. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwa sauti, "Watu wa msiba, msiilaumu nyumba yangu. Kompyuta ni nzima, mwanangu aliinunua kwa jasho. Ni huyu mkamwana anayeijaza sinema na upuuzi wake wakati mume yuko ziwani. Mwangalieni. Huyo hapo."

Wakamwangalia. Agnetha alikuwa na mtoto mgongoni. Akapiga magoti palepale kwenye matope.

"Nisamehe mama."

Basi. Mama mmoja wa Kagoma akasema "Waitu!" kwa huzuni, sijui akimhurumia nani. Mimi nikakaa. Nilijisikia nimeisafisha nyumba yangu.

12 Novemba

Agnetha amekwenda kwao Izimbya na mtoto. Hakugombana. Amefua nguo zangu, amepika, ameacha ufunguo wa ofisi juu ya meza. Aende. Sasa mashine itapumua.

15 Novemba

Nimepika mwenyewe. Chumvi imezidi.

18 Novemba

Naandika jambo baya.

Agnetha hayupo. Hakuna anayeingia ofisini ila mimi, ufunguo uko kwenye khanga yangu. Hakuna sinema, hakuna kujifungia saa ya kupika. Na kompyuta ni mbaya kuliko ilivyowahi kuwa. Leo hata kwaya imegoma, sauti inakatika kama mtu anayekabwa. Zamani asubuhi ilikuwa inaamka vizuri. Sasa haiamki vizuri hata asubuhi.

Nikasema labda kairoga. Nikaona haya kwa wazo hilo, nikalifukuza. Nikasema labda ni umeme. Umeme ni uleule.

Kijisanduku kikaja pembeni. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye cha bluu. Nikauondoa mkono. Nikakitazama muda mrefu, nacho kikanitazama.

21 Novemba

Nimekwenda Bukoba na kompyuta mapajani, nimeifunga kwenye blanketi. Kondakta alitaka iwekwe juu na mikungu ya ndizi, nikamwambia aweke mama yake.

Johnson aliponiona akasimama. "Shikamoo mama. Karibu, keti."

"Marahaba. Sijaja kukaa. Niambie kilichomo humu, na usinifiche."

Akaifungua. Ikamchukulia muda mpaka akaenda kununua chai, akarudi. Akafungua ukurasa wenye majina mengi kutoka juu mpaka chini, kila jina lina namba pembeni.

"Hivi mama ndivyo vilivyokaa kwenye kumbukumbu sasa hivi. Namba ni ulaji wa kila kimoja. Hiki kinatunza picha mtandaoni. Hiki kinaleta matangazo. Hiki ni habari za hali ya hewa. Hawa wawili ni walinzi dhidi ya virusi, na walinzi wawili kwenye nyumba moja wanakaguana wao kwa wao. Vyote vinaamka mashine ikiamka na havilali."

"Vimeingiaje?"

"Viliomba. Mfumo mpya ukiwekwa, vitu vingi vinaomba ruhusa. Mtu akikubali, vinaingia."

Akaendelea mwenyewe, anacheka, hajui anachokisema. "Lakini haya Agnetha anayajua vizuri. Nilimfundisha kwa simu kuvizima. Kila mara ananipigia, fundi, vimerudi tena. Nikamwambia dada, nani anavikubali huko? Akaniambia ni mtoto anachezea."

"Mtoto?"

"Ndiyo, mtoto wake. Nikamwambia mfunge kamba huyo!"

Mtoto wa Agnetha bado anatambaa. Akishika mguu wa meza anaanguka.

Johnson alikuwa bado anacheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nikakaa kwenye kile kiti nilichokuwa nimekikataa.

Alijua. Tangu siku ile aliponiuliza akiangalia chini, alijua. Kila jioni aliingia kuviondoa nilivyoviingiza mchana, akafunga haraka nikiingia ili nisione ni vyangu. Mbele ya kaburi alijua. Angeweza kusema, "Mama, ni wewe." Watu wote wangesikia. Akapiga magoti kwenye matope akaomba msamaha wa kosa langu.

Johnson akavizima vyote, akamtoa mlinzi mmoja, akaondoa yale mapambo ya kioo. Akafungua tumbo la mashine akaongeza kipande cha kumbukumbu alichokitoa kwenye mashine iliyokufa. Akaiwasha. Ikaamka palepale.

"Umeona mama? Kama mpya."

Nimeona. Nilitamani isiamke.

25 Novemba

Rwekaza amerudi kutoka visiwani. Hakuniamkia vizuri. "Mama, nimeyasikia mwaloni, mbele ya wavuvi. Wananiuliza mke wako anaangalia sinema gani."

Nikamweleza yote, sikupunguza. Ameweka kichwa kwenye mikono. Hakunikemea. Afadhali angenikemea, ningepata pa kujibia.

29 Novemba

Rwekaza alikwenda Izimbya na shangazi yake. Amerudi na shangazi yake tu. Baba wa Agnetha, Sospeter, aliwapokea vizuri, akawalisha, kisha akasema, "Maneno yalisemwa mbele ya watu. Hapa mmekuja wawili." Mama yake, Celina, hakutoka ndani.

"Na yeye mwenyewe?" nikauliza.

"Alisema hana kinyongo na mimi. Alisema, nikirudi nitakaa kwenye kiti cha nani? Kompyuta ni ya Mama, ofisi ni ya Mama, kosa likitokea ndilo langu."

Nikasema mkamwana hasemi hivyo. Rwekaza akanitazama. Nikasema, basi, amesema.

3 Desemba

Wateja wanakuja. Mashine inakimbia. Hakuna anayejua kuitumia. Nawaambia mchapaji amesafiri.

6 Desemba

Tumeng'oa maharage, mimi na Rwekaza. Mengine yameoza kwa mvua. Paskazia alipita, hakusimama. Nikamwita.

"Mbona unapita kama umeona nyoka?"

"Naogopa Mama Kamala. Nikikosea kitu utanitangaza msibani."

Alisema anacheka. Mimi nimeingia ndani.

14 Desemba

Jana ilikuwa siku ya kumaliza msiba wa Mwalimu Elieza. Nilijua watu walewale watakuwepo. Nilimwomba Magdalena nafasi ya kusema. Akauliza, "Utamsema nani tena, Mama Kamala?" Nikajibu, "Mimi." Akanipa.

Nilisimama. Agnetha alikuwepo, amekuja na mama yake, wamekaa nyuma kwenye mkeka. Nilisema hivi, naandika nisijidanganye baadaye kwamba nilisema vizuri zaidi:

"Siku ya kuzika nilisema mkamwana wangu aliijaza mashine. Nilisema uongo. Sikujua kama ni uongo, lakini sikuuliza. Aliyeijaza ni mimi. Kila kilichoomba kuingia nilikikubali, kwa sababu nilitaka kuonekana najua. Yeye alikuwa ananifichia aibu, na mimi nikamvika yeye. Vitabu vya Mwalimu vilikosekana kwa mkono wangu. Familia mnisamehe. Agnetha, nisamehe."

Nikapiga magoti. Mwanamke wa umri wangu hapigi magoti kwa mkamwana. Kuna kijana alicheka, akazibwa mdomo. Wazee wakatazama pembeni. Yule kitinda mimba wa Mwalimu, aliyerukwa jina, ndiye aliyekuja kuniinua.

Mimi nilidhani Agnetha atakuja. Nilikuwa nimeandaa kitanda chake, nimefua shuka za mtoto. Watu walipoanza kula alikuja, akapiga magoti akanisalimu kama anavyomsalimu mzee yeyote, akanipa mtoto nimshike. Mtoto alikuwa amenisahau, akalia. Akamchukua.

"Mama, nimesikia," akasema. "Asante."

"Twende nyumbani."

"Leo narudi na mama."

Wakapanda gari la Izimbya. Nilibaki na sahani ya watu mkononi. Nilikuwa nimefikiri nikishasema, deni limekwisha. Nilijidhalilisha mbele ya Kagoma nzima nikadhani nimenunua kitu.

16 Desemba

Rwekaza, daftari nimeliweka juu ya begi lako. Mama yako akisema kwa mdomo anaharibu, kwa hiyo soma, na ufanye kama nilivyoandika.

Usiende visiwani wiki hii. Dagaa watakuwepo. Ifunge kompyuta kwenye blanketi langu zito, uchukue na printa, waya zote, na karatasi zilizo chini ya meza. Kodi gari, usiweke mikungu juu yake. Peleka Izimbya. Mwambie Agnetha kwamba nimempigia Kamala simu na amekubali: kompyuta ni yake kwa jina lake, si ya nyumba, si yangu. Akitaka kufungua ofisi hukohuko Izimbya, mtafutie chumba cha barabarani na umpigilie rafu. Akitaka kwingine, ni kwingine.

Mbele ya baba yake na mama yake useme hayo, usimwite pembeni. Kisha ukae huko naye, umsaidie kazi, ushike mtoto. Usimwulize atarudi lini. Akikuuliza mimi nasemaje, mwambie sijasema kitu. Nenda.